Syokimau Si Jina la Stesheni Tu

Mwanafunzi anayeshuka matatu Cheptiret, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kisha akapanda bodaboda kuelekea Chuo Kikuu cha Moi, huenda amewahi kusikia habari za Delphi. Anajua kulikuwa na hekalu la Apollo mlimani, na ndani yake mwanamke aliyeketi juu ya kigoda cha miguu mitatu huku wajumbe wa wafalme wakingoja jibu lake. Akiulizwa Mepoho alikuwa nani, au Moraa wa Ng'iti alifanya nini mwaka 1908, mara nyingi hana la kusema. Hakufundishwa.

Pengo hilo lingekuwa dogo kama Afrika Mashariki isingekuwa na manabii wanawake wa kutajwa. Inao, tena wenye majina na makwao. Wazee waliwasikiliza, maofisa wa kikoloni wakawaogopa, na baadhi yao wakafungwa au kuhamishiwa nchi za mbali. Kilichobaki ni kuwapa katika masomo na kumbukumbu za taifa nafasi inayolingana na uzito wa kazi waliyoifanya, na kazi hiyo inafaa ianze sasa, wakati bado wapo wazee wa kuhojiwa.

Wagiriki wana la kufunza katika jambo hili. Delphi ilikuwa taasisi yenye taratibu zake. Kuhani mwanamke aliyeitwa Pythia aliketi siku moja kwa mwezi, miezi tisa ya mwaka. Miezi mitatu ya baridi Apollo aliaminika kuwa safarini. Aliyetaka kuuliza alilipa ada, akatoa mnyama wa kafara, akangoja zamu. Plutarch, mwandishi aliyekuwa kuhani wa Delphi yapata miaka 1,900 iliyopita, anasimulia kwamba Pythia wa zama zake alikuzwa katika nyumba ya wakulima maskini na hakuwa na elimu yoyote ya shule. Mtu huyo ndiye aliyeulizwa na miji kama ianzishe makoloni ng'ambo, kama iingie vitani, kama ibadilishe sheria zake. Mwaka 480 KK, jeshi la Waajemi lilipokuwa linakaribia, Athens ilituma wajumbe Delphi. Jibu lililorudi lilitaja ukuta wa mbao utakaowaokoa, na kiongozi wao Themistocles akawashawishi wenzake kwamba ukuta huo ni merikebu zao. Walipigana baharini huko Salamis, wakashinda. Wanawake wa Athens wakati huo hawakuwa na kura wala sauti barazani.

Wanajiolojia wamebishana kwa miaka mingi kuhusu mvuke uliotoka ardhini chini ya hekalu, na kama ndio uliomlevya Pythia. Mjadala huo unavutia, ila haugusi jambo kubwa zaidi, yaani kwa nini miji ilimsadiki. Sababu moja iko wazi. Delphi ilipokea wageni kutoka pande zote za Mediterania, kila mmoja akiwa na swali, na kila swali likibeba habari za huko alikotoka. Hekalu lililosikiliza dunia nzima kwa karne nyingi lilijua mengi kuliko mfalme yeyote aliyekaa kwake.

Roma ilishika njia nyingine. Hadithi ya Warumi inasema mwanamke mwaguzi, Sibyl, alimwendea mfalme Tarquinius na vitabu tisa vya unabii. Mfalme akaona bei ni kubwa, akakataa. Mwanamke akachoma vitatu, akataka bei ileile kwa sita. Akachoma vitatu tena, akataka bei ileile kwa vitatu vya mwisho. Mfalme akanunua. Vitabu vikawekwa katika hekalu la Jupiter kwenye kilima cha Capitolium, vikakabidhiwa baraza la wanaume ambao pekee walikuwa na ruhusa ya kuvifungua, nao walivifungua Seneti ilipoamuru tu. Hekalu lilipoungua mwaka 83 KK, vitabu viliteketea, na wajumbe wakatumwa huku na huko kukusanya vingine. Katika habari yote hiyo mwanamke mwenyewe anaonekana mara moja tu, mwanzoni, kisha anatoweka. Maneno yake yalibaki kuwa mali ya serikali.

Wasomaji wa Biblia katika makanisa ya Kesses na Burnt Forest hawahitaji kwenda Roma kuliona jambo hili. Debora alikuwa nabii na mwamuzi wa Israeli. Kitabu cha torati kilipookotwa hekaluni zama za mfalme Yosia, waliotumwa kuuliza maana yake walimwendea Hulda, mwanamke. Halafu yuko yule kijakazi wa Filipi katika Matendo ya Mitume, mwenye pepo wa uaguzi, ambaye mabwana zake walikula faida ya kinywa chake. Paulo alipomtoa pepo huyo, waliokasirika ni mabwana, kwa kuwa mapato yamekwisha. Jina la msichana halikuandikwa.

Swali la kuulizwa kila mahali mwanamke anapotabiri ni hili: maneno yake yameshikwa na nani?

Nchini Kenya, jina linalojulikana zaidi ni Syokimau. Masimulizi ya Wakamba yanamtaja kama mwanamke wa karne ya 19 aliyetabiri nyoka mrefu atakayetambaa kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande mwingine, na watu wa rangi ya nyama mbichi, wenye lugha isiyoeleweka kama sauti za ndege, wanaobeba moto mifukoni mwao. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na mwisho wa mwaka 1901 vyuma vikagusa Ziwa Victoria. Viberiti vilikuja pamoja na wenyewe. Novemba 2012 stesheni mpya ya treni za abiria ilifunguliwa karibu na Nairobi ikapewa jina la Syokimau, na kituo kikuu cha Nairobi cha reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kazi 2017, kiko huko huko. Waliochagua jina walichagua vizuri. Tatizo ni kwamba kazi iliishia kwenye jina. Abiria anakata tiketi, anapanda, anashuka, na wengi wanadhani Syokimau ni mtaa wa nyumba za kupanga.

Mwenye kutilia shaka atasema bishara hizi zilitungwa baada ya treni kufika. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa, hasa kwa kuwa Wanandi nao wanasimulia kuhusu nyoka wa moto na moshi aliyetabiriwa na Kimnyole arap Turukat, na Wakikuyu wana bishara ya Mugo wa Kibiru. Lakini kuna jambo ambalo wenye shaka hulisahau. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa misafara wanaojulikana kote, wakibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na habari. Nyumba za Ukambani zilisikia juu ya meli, bunduki na wageni wa baharini miaka mingi kabla Mzungu hajapiga hema Machakos. Mwanamke mwenye akili kali, anayefuatwa na watu kwa mashauri, alikuwa mahali pazuri pa kuunganisha habari hizo na kuona zinaelekea wapi. Kama Delphi inasifiwa kwa kusikiliza dunia, Ukambani nako kulikuwa na masikio. Kuona mbele kwa namna hiyo ni elimu, na inastahili kuchunguzwa kwa bidii ileile inayotumika kwa Wagiriki.

Pwani, Wagiriama wanamkumbuka Mepoho. Alitabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama katani, vyombo vitakavyokwenda nchi kavu na vingine angani, na wakati ambapo vijana hawatawaheshimu tena wazee. Inasimuliwa kwamba baada ya kusema hayo alididimia ardhini akapotea. Ikiwa hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ngano nzuri ya jioni. Haikuishia hapo.

Mwaka 1913 ofisa Mwingereza Arthur Champion alikuwa akiwabana Wagiriama walipe kodi ya nyumba na kutoa vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Mnyazi wa Menza, mjane anayejulikana zaidi kama Mekatilili, alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata kwa mamia. Mekatilili hakudai kuwa nabii. Alichofanya ni kuwakumbusha watu maneno ya Mepoho: mliambiwa, na sasa mnaona. Bishara ya mwanamke mmoja ikawa hoja ya kisiasa kinywani mwa mwanamke mwingine. Huko Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, viapo viwili vikaapwa, mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Wanawake walikuwa na kiapo chao wenyewe. Hilo ni la kutiliwa mkazo, kwa sababu linaonyesha kwamba Mekatilili hakuokota mamlaka njiani. Jamii yake ilikuwa na kiti cha mwanamke katika mambo mazito, naye akakikalia.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, ng'ambo nyingine ya nchi. Mwaka uliofuata wakatoroka na kutembea mamia ya kilomita kurudi Giriama. Serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti Agosti 1914, vita vikaanza, na Mekatilili akakamatwa tena.

Kisii, walikomhamishia mara ya kwanza, ni mahali ambapo miaka michache tu kabla yake mwanamke mwingine alikuwa amewakosesha Waingereza usingizi. Kwa Wakisii mwaguzi huitwa omoragori, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake. Moraa wa Ng'iti, wa Kitutu, alikuwa mganga na mwaguzi aliyewachukia wavamizi tangu vita vya 1905, walipowaua Wakisii wengi na kuchukua ng'ombe zao. Januari 1908, kwa kuchochewa naye, kijana aliyemlea, Otenyo, alimvizia ofisa wa wilaya G. A. S. Northcote akamchoma mkuki. Northcote alipona. Adhabu iliyofuata ilikuwa ya moto na damu, na Otenyo akauawa. Miaka mingi baadaye Northcote huyohuyo alikuwa gavana wa Hong Kong. Wasifu wake uko katika vitabu, umepangwa vizuri, cheo baada ya cheo. Wa Moraa unapaswa kuokotwa kipande kwa kipande, katika ripoti za watu waliomtaka anyamaze na katika vinywa vya watu wa Kitutu.

Kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini mwa Rwanda hali ilikuwa hivyo hivyo. Muhumusa, aliyejitaja kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda na aliyesema kwa niaba ya roho iitwayo Nyabingi, alitangaza mwaka 1911 kwamba atawafukuza Wazungu Kigezi. Alishindwa vitani mwaka huohuo, akawekwa kizuizini Kampala, na huko akafia mwaka 1945. Miaka 34 ya kuzuiliwa! Serikali ya Uganda ilitunga sheria dhidi ya uchawi mwaka 1912, na ikatumika kuwabana wafuasi wa Nyabingi. Nchini Kenya, Sheria ya Uchawi ya 1925 bado imo katika vitabu vya sheria. Kwa hakimu wa kikoloni, mwanamke aliyeagua na kuhamasisha watu aliingia kwa urahisi katika kundi la wachawi, na neno hilo limewafuata hata wajukuu.

Sasa turudi nyumbani, Uasin Gishu na Nandi. Hapa kumbukumbu ya manabii ni hai, na inaheshimiwa kwa haki. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890, walipomlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliyekuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, aliongoza upinzani dhidi ya reli na serikali hadi Oktoba 19, 1905, alipopigwa risasi na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Nandi Hills kuna kaburi la heshima na makumbusho yake, na mwaka 2006 fimbo zake zilirejeshwa kutoka Uingereza. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alizuiliwa kuanzia 1923 hadi 1964. Mtoto wa Cheptiret anaweza kuyaeleza haya kwa fahari, na ni vizuri sana.

Lakini rekodi hiyo ni ya wanaume watupu. Uorkoiyot ulirithiwa kwa upande wa wanaume wa ukoo wa Talai, na kitabu kikubwa cha kwanza kuhusu Wanandi, cha A. C. Hollis, kilichochapishwa 1909, kiliandikwa na mtawala wa kikoloni. Nani alimuuliza mama mzazi wa nabii aliona nini? Nani aliandika habari za wanawake waliotibu, waliotafsiri ndoto, waliowaambia wapiganaji leo msitoke? Majibu ya maswali hayo yako vijijini, na kila mwaka yanazikwa pamoja na wenye kuyajua.

Kuna pingamizi la haki ambalo lazima lijibiwe. Wakenya wana sababu ya kuogopa manabii. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu waliohubiriwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Wala jinsia ya kike si kinga. Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, aliongoza maelfu ya watu kutoka Acholi kuelekea Kampala mwaka 1987, akiwaaminisha kwamba mafuta waliyopakwa yatawakinga na risasi. Walipigwa karibu na Jinja, na wengi wakafa. Yeye alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab Januari 2007. Anayetaka kuwatukuza manabii wanawake bila kumtaja Lakwena hasemi ukweli wote.

Hata hivyo, hofu hiyo inadai masomo zaidi. Kijana anayejua jinsi maneno ya Pythia yalivyotafsiriwa na Themistocles, jinsi vitabu vya Sibyl vilivyofungiwa na wanasiasa, na jinsi Mekatilili alivyotumia maneno ya Mepoho kutetea mashamba na vijana wa Giriama, ana maswali ya kumuuliza nabii yeyote wa leo anayesimama jukwaani Eldoret. Nani anakusanya sadaka? Unabii huu unamtaka mtu atoe nini, na nani atafaidi? Ukikosea, nani atalipa? Asiyejua historia hiyo ana njia mbili tu, kuamini kila kitu au kudharau kila kitu, na zote mbili zimewaumiza watu.

Kanisa la Legio Maria linatoa mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1963 Gaudencia Aoko, mwanamke kijana wa umri wa miaka 20 hivi, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake pamoja na Simeo Ondeto. Alibatiza watu kwa maelfu Nyanza na akapiga vita uchawi. Baada ya miaka michache, kanisa likishika muundo wa maaskofu na mapadri wanaume, nafasi yake ilififia na akaondoka. Hakuna serikali ya kikoloni ya kulaumiwa katika habari hii. Ni Waafrika wenyewe, ndani ya kanisa lao huru, waliofanya kile Roma ilichofanya na Sibyl: mwanamke alileta maneno, wanaume wakatunza ofisi.

Kumekuwa na hatua njema. Mekatilili ana sanamu Malindi, na watu wake humkumbuka kila mwaka kwa tamasha. Mafanikio hayo yametokana na watu wa Pwani waliosisitiza, mwaka baada ya mwaka, kwamba shujaa wao asisahaulike, na wanastahili shukrani ya nchi nzima. Kinachotakiwa ni moyo huo uenee kwingine.

Shirika la Reli la Kenya linaweza kusimamisha bango katika stesheni ya Syokimau, kwa Kiswahili na Kikamba, lieleze mwenye jina alikuwa nani na alisema nini kuhusu reli ileile ambayo abiria anaingoja. Watunga mitaala wanaweza kuwaweka Mepoho, Moraa na Muhumusa katika somo moja na Delphi, ili mwanafunzi awalinganishe badala ya kudhani upande mmoja ni historia na mwingine ni ushirikina. Chuo Kikuu cha Moi, ambacho barabara yake inaanzia Cheptiret, kina wanafunzi wa historia wanaotoka Kitutu, Ganze, Machakos na Kapsabet. Kila mmoja wao akipewa kazi moja ya kumhoji bibi mmoja wakati wa likizo, kwa lugha ya nyumbani, na kurekodi kwa simu aliyonayo mfukoni, kwa miaka mitano chuo kitakuwa na hazina ambayo Hollis hakuweza kuikusanya.

Na wewe msomaji, ikiwa una kogo, yaani bibi, aliye hai, aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1963, muulize ni mwanamke gani wa zama za mama yake ambaye watu walimwendea kabla ya vita, kabla ya kuhama, kabla ya kupanda. Andika jina lake kamili, kijiji chake na alichosema. Usingoje likizo ya Desemba.